Zabuni ya Sare na Vifaranga Mia

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza vizuri, ikaharibika saa mbili na robo. Nimefika karakanani kabla ya wote. Nimeipangusa kompyuta ya chama. Nimekaa kama katibu anavyotakiwa kukaa, mgongo wima. Nimefungua tovuti ya zabuni ya sare za shule, nikaandika jina la chama, nenosiri likajijaza lenyewe kama kawaida yake, nikabofya Ingia.

Nikatupwa kwa kuku.

Sitanii. Ukurasa mzima wa njano. Mashine za kutotolea vifaranga! Hongera, vifaranga mia wanakusubiri! Katikati kuna jogoo anayetabasamu, na jogoo huyo ana meno. Nimerudi nyuma, nimeingia upya. Kuku. Nimezima kompyuta, nimeiwasha. Kuku. Mara ya sita nimeingia taratibu, kwa adabu, kwa kidole kimoja. Kuku.

Nijieleze vizuri hapa, maana shajara hii huenda ikasomwa siku moja na watu wa maana. Mimi ni katibu wa chama cha mafundi cherehani. Tuko kumi na mmoja, chumba kimoja kirefu, madirisha manne, cherehani kumi, na ovaloki moja, mashine ya kuzungushia kingo, inayogombaniwa kila siku. Tangu mwaka uanze kazi imekuwa ya kuokoteza: zipu hapa, pindo pale. Mwenyekiti ametuambia wazi. Tukiipata zabuni hii ya sare, tunashona mpaka mwisho wa mwaka. Tukiikosa, chumba tunakirudisha kwa mwenyewe na kila mtu anabeba cherehani yake kwenda nayo nyumbani. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, saa sita kamili mchana. Fomu inafunguka kwenye kompyuta tu, simu inaikataa. Na kompyuta iko chini ya nani? Chini yangu.

Bi Vifungo hakukawia. Huyu ndiye mshonaji wetu wa matundu na vifungo, anakaa meza ya pili kutoka dirishani, na kwa maoni yangu ameukodolea macho ukatibu wangu tangu siku ya uchaguzi. Akauliza, pini tano mdomoni, kama siku hizi tunawashonea kuku kaptula. Watu wakaangua kicheko. Fundi Suti, mkataji wetu, alicheka mpaka mkasi ukaenda kombo. Nikawaambia kwa sauti ya utulivu kwamba ni hitilafu ndogo ya kiufundi na iko mikononi mwangu.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alisogeza kiti, akavaa miwani, akaniomba nisiufunge ukurasa kwanza. Alitaka kusoma kuhusu joto la mayai.

Njiani kurudi nyumbani nimefikiri sana. Jumamosi Bi Vifungo alitumia kompyuta kwa dakika ishirini. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilianzisha daftari la matumizi ya kompyuta mwezi wa kwanza: jina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi. Wote walinung'unika. Sasa wataona faida yake. Mpango wangu ni huu: kwanza naitengeneza kompyuta mwenyewe, bila msaada wa mtu. Pili namuumbua mhalifu mbele ya kikao. Mke wangu ameniuliza mbona natabasamu na kijiko hewani, nikamwambia ni mambo ya kazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma mahali kwamba kivinjari kikikupeleka usikokutaka, unafuta kumbukumbu zake. Vidakuzi, historia, takataka zote. Haya! Mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu. Kikaniuliza nifute za muda gani: saa moja iliyopita, siku moja, wiki moja? Nikachagua Wakati Wote. Kikauliza, na manenosiri yaliyohifadhiwa je? Nikatia tiki. Nikatia tiki kwenye kila kisanduku nilichokiona, nikabofya, nikajinyoosha kwenye kiti.

Nikarudi kwenye tovuti ya zabuni. Jina la chama, tupu. Nenosiri, tupu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nenosiri silijui. Miaka miwili limekuwa likijijaza lenyewe!

Nenosiri letu limehifadhiwa kifundi. Mwenyekiti hakutaka liandikwe kwenye karatasi, anasema karatasi hupotea. Kwa hiyo limetariziwa kwenye kifuniko cha kitambaa cha kompyuta, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ili mwizi asilione. Nani alilitarizi? Bi Vifungo, nani mwingine. Mafundi wote wanausoma mtarizo wake bila taabu, isipokuwa mimi, niliyeingia chamani kwa upande wa kalamu. Mimi hushona pindo tu, na pindo lenyewe huwa wanalifumua nikishaondoka.

Nimuulize Bi Vifungo? Thubutu! Nikasubiri waende kunywa chai. Nikakitandaza kifuniko mezani, nikapapasa maandishi kwa ncha ya kidole. Hii moja au saba? Nikajaribu moja. Tovuti ikanikemea kwa wino mwekundu. Nikajaribu saba. Nikajaribu herufi kubwa. Nikajaribu herufi ndogo. Jaribio la tano, akaunti ikafungwa. Imefungwa kwa usalama wako, ikasema, jaribu tena Alhamisi asubuhi.

Kwa usalama wangu! Nani kauomba?

Wakarudi. Mwenyekiti akaniuliza tumefikia wapi. Nikamjibu kwamba nimeiweka akaunti ya chama mahali ambapo hakuna mtu yeyote anayeweza kuifikia. Akanisifu kwa uangalifu. Bi Vifungo akanitazama kwa pembe ya jicho, akauliza mbona kifuniko kimegeuzwa ndani nje. Nikasema kinapigwa upepo. Jioni nikakitia kwenye mfuko nikaondoka nacho.

Jumatano, 5 Machi

Siku bila akaunti, lakini si siku ya kukaa bure.

Asubuhi, mtego. Nimesaga chaki ya kuchorea kitambaa, ile ya buluu, nikainyunyiza kidogo juu ya kibodi. Atakayeigusa kompyuta kwa siri, atabaki na buluu vidoleni. Nikatoka eti kwenda kuleta uzi. Baada ya saa moja nikarudi, nikatangaza ukaguzi wa mikono. Walishangaa, lakini wakanyoosha. Fundi Suti: buluu. Mwenyekiti: buluu. Bi Vifungo: buluu mpaka kwenye viwiko. Watu kumi, mikono ishirini, yote buluu! Nikaona giza. Kumbe ni njama ya chama kizima!

Ndipo Fundi Suti akaniuliza, kwa upole ulioniudhi, kama nimesahau kwamba hii ni karakana ya ushonaji na wamekuwa wakichora suruali tangu asubuhi. Akaongeza kwamba hata mimi nina buluu puani. Nilikwenda kunawa.

Mchana, nimempigia shemeji yangu. Huyu ni kaka wa mke wangu, ana kibanda cha kuuza simu, anajua kila kitu, muulize yeye mwenyewe. Akanieleza kwamba tatizo ni ruta, kile kisanduku chenye taa kinacholeta mtandao. Nitafute tundu dogo nyuma yake, niingize kitu chembamba, nibonye mpaka taa zibadilike. Kitu chembamba, katika karakana ya cherehani! Nikachukua sindano ya mashine namba kumi na nne, nikabonya. Taa zote za kijani zikazimika. Ikawaka moja, nyekundu.

Lo! Kumbe ruta ile si yetu peke yetu, inalisha jengo zima. Hazikupita dakika tano akashuka daktari wa meno wa ghorofa ya juu, glavu mikononi, akiuliza nani kakata mtandao. Ana mgonjwa kitini, mdomo wazi, na picha za meno yake hazifunguki. Nyuma yake akaja mpiga picha wa mlango wa pili. Nyuma ya mpiga picha, mwenye jengo. Mimi nikatoa macho kama wao, nikauliza kwa hasira kuliko wote ni nani huyu asiye na adabu. Bi Vifungo akaitazama sindano mkononi mwangu. Hakusema kitu. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hakusema kitu! Angesema, ningejitetea.

Fundi wa mtandao amefika saa tisa. Amerudisha kila kitu, amenionyesha lile tundu, akaniambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba tundu lile halibonywi. Nimemshukuru kwa taarifa.

Nyumbani mke wangu ameuliza zabuni imefikia wapi. Nimemwambia tumebakiza hatua moja. Hakuuliza ni hatua gani, nami sikumwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemeza kiburi, lakini nusu tu. Sikumuuliza Bi Vifungo. Nimemuuliza mke wangu. Amekiinua kifuniko dirishani, mwanga ukapita kwenye kitambaa, akalisoma nenosiri lote kwa pumzi moja huku akisukuma mlango kwa mguu. Ilikuwa saba, ila herufi mbili za mbele yake nilikuwa nimezisoma vibaya. Kisha akasema mtarizo huu ni mzuri ajabu, aliyeufanya ana mkono. Sikuwa nimemwomba maoni.

Saa mbili akaunti imefunguliwa. Nenosiri sahihi, herufi kwa herufi. Ingia.

Kuku!

Jogoo yuleyule, meno yaleyale. Safari hii vifaranga mia na hamsini, wameongeza. Lakini nimegundua jambo, na naliandika ili ijulikane kwamba niligundua mimi. Ukiandika nenosiri baya, tovuti inakukemea yenyewe. Ukiandika zuri, unapelekwa kwa kuku. Yaani ndani ya kompyuta hii kuna kitu kinachosubiri nifaulu ndipo kinipige chenga. Nimejaribu barua pepe ya chama. Kuku. Nimejaribu tovuti ya idara ya maji. Kuku. Mwenyekiti amekuja na daftari dogo, amenakili siku za kuatamia, amenishukuru akaenda zake.

Nimempigia shemeji tena. Kasema basi nirudishe nyuma tarehe ya kompyuta, iwe kabla ya tatizo kuanza. Kompyuta itajiona iko wakati ule na mambo yatakuwa kama wakati ule. Kwa jinsi alivyolisema, liliingia akilini. Nikarudisha mwaka mzima, kwa uhakika zaidi. Sasa hata kuku hawaji! Kila tovuti inaniambia muunganisho si salama, saa yako iko nyuma. Nikairekebisha tarehe. Kuku wakarudi. Nakiri kwamba nilifarijika kidogo kuwaona.

Saa saba nikakimbilia lile duka la kompyuta za kukodi la pale kona. Ningeingilia kule, yakaisha. Ala! Tangu lini limekuwa la kinyozi? Viti vitatu, vioo, redio. Kinyozi akanikaribisha kwa bashasha mno, nikashindwa kutoka. Nimenyolewa.

Niliporudi hakuna aliyekuwa anashona. Fundi Suti alikuwa anaifunga cherehani yake kwa kamba. Hakuwa na hasira wala hakumlaumu mtu. Alisema anajaribu tu, aone itabebeka vipi. Kisha akachukua utepe wa kupimia akapima upana wa meza, akawa anapiga hesabu kichwani kama itapita kwenye mlango wa nyumbani kwake. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye dirisha lile. Mwenyekiti akatangaza kwamba kesho ikifika saa sita hatujatuma zabuni, saa saba tutakuwa na kikao cha kufunga. Bi Vifungo alikuwa anahesabu vifungo kwenye kopo, na nadhani hakuwa anahesabu.

Nimeona aibu. Naandika bila kuzunguka: nimeona aibu, na nimeogopa. Watu kumi wananitegemea, nami nimekwenda kunyolewa.

Lakini sikati tamaa. Nimepiga moyo konde. Kesho naingia kwenye tovuti ile hata kama itabidi niwapite kuku mmoja mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili, kuku. Saa tatu, kuku. Saa nne nimebadilisha kiti, nimekaa upande wa kushoto. Kuku.

Saa nne na nusu Bi Vifungo amesimama, akatema pini zote kiganjani. Wanaomjua wanajua maana yake. Huyu hatoi pini zote kwa jambo dogo. Akaniomba kiti. Hakunifukuza, aliomba. Nikampa kwa shingo upande, nikasimama nyuma yake ili nimsimamie.

Akataka kwanza kujua nimefanya nini mpaka sasa. Nikamweleza. Akasema koti likivuta bega moja, hulikati, hulichomi, wala hulimwagii maji. Unafumua mshono mmoja, unalivalisha, unatazama. Likiwa bado linavuta, ule mshono unaurudisha, unafumua mwingine. Mimi, kwa maelezo yake, nimefumua koti zima kwa siku moja kisha nikashangaa mikono imekwenda wapi. Fundi Suti akakohoa.

Akauliza ni vitu gani vimepachikwa kwenye kivinjari hiki, vitu ambavyo havikuja nacho. Sikumwelewa. Akafungua orodha ya viendelezi, yaani vile vikorokoro ambavyo mtu anajiongezea mwenyewe ili kivinjari kimfanyie kazi za ziada. Vilikuwa vinne. Kamusi. Kalenda. Kikuza picha. Na cha nne, Mitindo Mia.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Mitindo Mia nakijua. Nakijua kwa sababu nimekipachika mimi. Mwezi wa pili Bi Vifungo alileta mtindo mpya wa mfuko, akasifiwa siku tatu mfululizo, mpaka mteja wa nje akaingia kumpongeza. Nani angevumilia? Nikatafuta kitu cha kuvuta mitindo ya nguo mtandaoni, ya bure, mia kwa siku, nimzime kabisa. Kiliniomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kilichomo kwenye kila tovuti ninayoingia. Nikabofya Kubali. Kwani nani huwa anasoma yale maandishi?

Nikamshauri Bi Vifungo aanze na kamusi. Kamusi, nikamwambia, ndiyo inayoshukiwa na wataalamu. Akaizima. Akaandika nenosiri. Kuku. Akaiwasha tena. Nikapendekeza kalenda, kwamba kalenda za siku hizi si za kuaminiwa. Akaizima. Kuku. Akairudisha. Kila mara aliliandika nenosiri upya bila hata kukitupia jicho kifuniko. Akazima kikuza picha. Kuku. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini na tano. Wote walikuwa wamesimama nyuma yetu, cherehani zimenyamaza. Nikapendekeza turudie kamusi, kwa uhakika.

Akazima Mitindo Mia. Akaandika nenosiri. Akabofya Ingia.

Ukurasa mweupe. Jina la chama chetu juu kabisa, na neno Karibu.

Chumba kizima kikapiga kelele! Ni Mwenyekiti tu aliyeuliza kama kuna mtu ameuhifadhi ule ukurasa wa kuku. Tukaanza kupakia: fomu, cheti cha chama, picha za sampuli, kaptula mbele, kaptula nyuma, sketi, shati. Picha ya shati ilikuwa nzito, ikagoma kwenye asilimia sitini. Sitini na moja. Tisini. Saa tano na dakika hamsini na moja: Zabuni yako imepokelewa. Watu wakapigana vikumbo kwa furaha. Fundi Suti hakushangilia, alikwenda moja kwa moja kufungua kamba ya cherehani yake.

Kisha Mwenyekiti akauliza nani alikipachika kile kidude. Nikasema itakuwa vigumu sana kujua, pengine haiwezekani. Bi Vifungo akafungua folda ya mitindo iliyovutwa nacho. Faili la kwanza kabisa lilikuwa la kola, tarehe 14 Februari, saa tatu asubuhi. Mtu mmoja, simtaji, akaleta daftari langu la matumizi ya kompyuta. Tarehe 14 Februari, saa mbili mpaka saa nne. Sahihi kubwa, yenye mkia unaozunguka mara tatu. Hakuna mwingine chamani mwenye mkia kama ule.

Nikasema nilikuwa nafanya utafiti. Nikasubiri Bi Vifungo aanze kunicheka, nikajikaza. Hakucheka. Akasema kola ile ndiyo iliyoko kwenye shati letu la sampuli, na kwa kweli ni kola nzuri. Nikaenda kuitazama ruta kama iko salama.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Ajenda moja: mimi.

Wawili wametaka ninyang'anywe ukatibu papo hapo. Mmoja ametaka nipelekwe kwenye vifungo, nijifunze subira. Kisha Bi Vifungo akaomba kuzungumza. Akasema katibu ana makosa yake, tena si haba, lakini wiki nzima alikuja kabla ya wote, alianguka kila siku na kila siku alirudi kwenye kiti kilekile. Mtu wa namna hiyo hatupwi. Ukatibu wenyewe, akasema, yeye hautaki hata abembelezwe, kazi yake ya matundu inamtosha.

Nimeguswa. Nilimwona mtu mwema aliyekaa mbele yangu miaka yote hii. Hali hiyo ilidumu kama dakika nne. Kisha nikajiuliza, mtu asiyetaka cheo, anataka nini? Akanijia mwanga. Anataka uenyekiti! Lazima nimchunge.

Imepitishwa kanuni mpya, nimeiandika kwa mkono wangu kwenye kumbukumbu za kikao. Kuanzia leo ni marufuku mtu kubofya Kubali wala Ruhusu kwenye kompyuta ya chama mpaka asome maandishi yote kwa sauti mbele ya wanachama wawili. Pia Bi Vifungo amebadilisha nenosiri na kulitarizi upya. Safari hii uzi wa buluu, herufi kubwa kama sahani, ili hata katibu alione. Watu wamecheka. Nimetia sahihi kanuni hiyo wa kwanza, mkia mara nne.

Jumatano, 12 Machi

Matokeo ya zabuni yanatoka leo, saa tatu. Nimefika saa moja. Aliyeaibishwa mbele ya watu ana haki ya kutangaza habari njema mbele ya watu, na mtu wa kwanza kuzijua lazima niwe mimi. Mwenyekiti alikuwa amenitangulia, amesinzia kitini, gazeti kifuani.

Nimeingia bila taabu. Nenosiri la buluu, ukurasa mweupe, hakuna unyoya hata mmoja. Lakini matokeo, saa tatu. Saa mbili nzima za kungoja! Nikatafuta namna ya kuyawahi, na aliye na nia hakosi kitu mtandaoni. Nikapata kiendelezi safi: Pata matokeo ya zabuni zote kabla ya wengine! Kikaomba ruhusa. Hapo nikakumbuka kanuni. Kanuni nimeiandika mimi, siwezi kuwa wa kwanza kuivunja. Nikasimama wima, nikayasoma maandishi yote kwa sauti mbele ya wawili: Mwenyekiti, na lile sanamu la kuvalishia nguo, ambalo lipo karakanani tangu kabla ya wengi wetu kujiunga. Hakuna aliyepinga. Nikabofya Ruhusu.

Nikatupwa kwenye mabwawa ya samaki.

Samaki elfu mbili wanakusubiri! Maji ya buluu, samaki mwenye kofia. Mwenyekiti akazinduka wakati uleule, akavaa miwani, akatazama, akasema ni kweli samaki hawana kelele kama kuku.

Saa tatu na dakika mbili Bi Vifungo kaingia mbio, simu juu, viatu mkononi. Ujumbe umefika. Tumepata! Sare zote, kaptula, sketi, mashati, mpaka mwisho wa mwaka! Watu wakamwagika mlangoni, kila mmoja na kelele zake. Fundi Suti alicheza peke yake pale dirishani, akaikumbatia cherehani yake kama mtu. Bi Vifungo alinishika mikono yote miwili, akaniambia hii ni kazi yetu sote na mimi nimo. Nimelia. Machozi ya kweli, hayakuwa na hila yoyote.

Kisha akasoma mwisho wa ujumbe. Chama kilichoshinda kiingie kwenye tovuti kwa kompyuta na kukubali kazi kabla ya saa sita mchana leo. Kisipokubali, kazi inakwenda kwa chama kilichofuata. Wote wakaigeukia kompyuta. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, nimekwisha kuifunika.

Nimewaambia waende kwanza wakanywe chai, kazi kubwa kama hii haikubaliwi na matumbo matupu. Wameondoka wakiimba, isipokuwa Mwenyekiti, aliyerudi kusinzia kitini. Nina saa mbili na nusu. Ile njia ya Bi Vifungo ya kufumua kimoja kimoja si mbaya, lakini ni ya polepole, na mwenyewe nimeshamsumbua vya kutosha. Nimepata kitu bora zaidi, cha bure, kinaitwa Mfagio, kinafukuza samaki wote kwa mpigo. Kinaomba ruhusa moja tu, ndefu kidogo. Nimewasomea Mwenyekiti na sanamu mstari wa kwanza, hiyo mingine inafanana. Nabofya.